Kapteni Joubert na Jina Lake

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa, akiisha kupita Ilula, hukuta kando ya barabara mnara wa Lugalo. Hapo ndipo Wahehe walipoliangamiza jeshi la Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Mtawala wao sisi twamwita Mkwawa. Wahehe husema Mkwava, nalo ni kifupi cha Mkwavinyika. Wajerumani waliandika Quawa. Mtu ni mmoja, maandiko ni matatu. Kisha jina hilo la mtu likawa jina la ukoo, akalichukua mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye Watanzania wengi walimfahamu kwa kuwa Spika wa Bunge.

Mwaka ule ule wa 1891, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mfaransa mmoja alikuwa akiwalinda watu kwa bunduki chache dhidi ya wauza watumwa. Jina lake Kapteni Joubert. Nalo jina hilo limepita njia ile ile ya kugeuzwa na vinywa vya watu na kalamu za makarani.

Asili yake ni jina la mtu katika lugha ya kale ya Kijerumani, Gautbert. Nusu yake ya mwisho maana yake ni mwenye kung'aa, nasi twaisikia kila siku katika majina yetu ya ubatizo: Alberti, Roberti, Gilberti. Kusini mwa Ufaransa likawa Jaubert, pengine Gaubert. Kwingineko likawa Joubert au Jobert. Kila mmoja aliliandika kama alivyolisikia, na herufi t ya mwisho haitamkwi kamwe. Laurent Joubert, tabibu wa Montpellier katika karne ya 16, aliandika kitabu juu ya kicheko. Jenerali Barthélemy Joubert aliuawa vitani huko Novi, Italia, mwaka 1799, naye ana miaka 30 tu. Amédée Jaubert ndiye aliyefasiri kwa Kifaransa jiografia ya al-Idrisi, ambamo mna habari za pwani yetu ya Zanji. Tena kuna Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbilia Rasi ya Tumaini Jema, na Pierre Joubert alikuwa miongoni mwao mwaka 1688. Wazao wao ni Makaburu, na jina hulitamka Yuber. Jenerali Piet Joubert, aliyewashinda Waingereza kule Majuba mwaka 1881, ni wa ukoo huo.

Joubert wetu alizaliwa mwaka 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, karibu na mto Loire. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 18, alijitolea kuwa askari wa Baba Mtakatifu, akajeruhiwa katika vita vya Castelfidardo. Alipanda mpaka cheo cha kapteni, na Roma ilipotwaliwa mwaka 1870 jeshi hilo likavunjwa.

Miaka kumi baadaye aliingia kazini mwa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe. Misafara ya mapadre kutoka pwani ilikuwa ikipatwa na hatari nyingi, nao walihitaji mtu ajuaye ulinzi. Alikuja mwaka 1880, akarudi Ufaransa mwaka 1885, lakini moyo haukutulia. Mwaka 1887 alifika Mpala. Ngome hiyo iliyojengwa na Storms mwaka 1883 walikuwa wamekabidhiwa mapadre, pamoja na Karema ya upande wetu wa ziwa.

Hapo Joubert aliwafundisha vijana wa nchi ile kazi ya ulinzi, na watu waliokuwa wakiwakimbia wauza watumwa wakaja kujenga karibu naye. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, binti wa pande zile. Si nyumba ya muda, kama walivyofanya Wazungu wengine wasiotaka kuulizwa, bali ndoa ya Kanisa. Kisha akahamia vilima vya Mrumbi. Watu wa Rumaliza, tajiri wa Ujiji, walimsumbua miaka mingi, mpaka Kapteni Jacques wa Ubelgiji alipofika kumsaidia mwishoni mwa mwaka 1891. Hata hivyo, mwaka 1892 walishindwa kuiteka boma ya adui karibu na Albertville, mji uitwao sasa Kalemie. Nguvu ya Rumaliza ilivunjwa na majeshi ya Kongo mwaka 1894.

Hatupaswi kusifu yote. Misheni yenye askari huhukumu na kuadhibu kama serikali, na yule aliyekimbilia hifadhi hakuwa na pa kukata rufani. Tena Joubert alikubali uraia wa dola ya Kongo ya Mfalme Leopold, ambayo ukatili wake katika biashara ya mpira ulikuja kuishangaza dunia. Wema wa mtu mmoja haukuweza kuifunika aibu hiyo.

Yeye mwenyewe hakutafuta mali. Vita vilipokwisha hakufunga safari kurudi kwao. Alibaki na mkewe na watoto wao karibu na ziwa, akihamia mwishoni pande za Moba. Huko alifariki tarehe 27 Mei 1927, ana miaka 85. Jina lililotoka Saint-Herblon akawaachia watoto waliozaliwa na Agnes Atakao, Waafrika kwa mama na kwa nchi, wakiitwa Joubert.