Thomas Cook, seremala aliyewavusha watu mipaka kwa bei moja

Shule au chuo kinapopanga kuwapeleka wanafunzi kuona miji ya kale nje ya nchi, kazi huwa ni ileile. Mtu mmoja hukusanya michango, hukata tiketi za kundi, hutafuta malazi, hubadilisha fedha na kusimama mbele ya ofisa wa mpakani akiwa na orodha ya majina mkononi. Wazazi wao huuliza mambo mawili: jumla ni kiasi gani, na mambo yakiharibika njiani hasara ni ya nani.

Aliyeigeuza kazi hiyo kuwa biashara kubwa alikuwa seremala wa Kiingereza, Thomas Cook. Amekufa zaidi ya miaka 130 iliyopita, lakini maisha yake yana mengi ya kumfaa mtu anayetafuta riziki kwa kuvuka mipaka. Fedha za wateja wake zilitangulia, huduma ikafuata, na katikati palikuwa na neno lake tu.

Alizaliwa Novemba 22, 1808 katika kijiji cha Melbourne, jimbo la Derbyshire, Uingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Akiwa na miaka 10 aliacha shule na kwenda kufanya kazi ya bustani kwa senti chache, kisha akajifunza useremala kwa mjomba wake. Mwaka 1828 akawa mhubiri wa Kibaptisti wa kutembea vijijini. Katika mwaka mmoja tu, wa 1829, alisafiri maili 2,692, na kati ya hizo 2,106 alizikata kwa miguu. Hizo ni zaidi ya kilomita 3,300. Kabla hajauza safari kwa mtu yeyote, alikuwa ameshajua safari ni nini.

Wazo la biashara halikuanza kama biashara. Cook alikuwa mwanachama wa harakati za kupinga ulevi. Mwaka 1841, akiwa njiani kwa miguu kwenda mkutanoni Leicester, aliwaza kwamba reli, ambayo wakati huo ilikuwa ngeni, ingeweza kubeba wenzake wengi kwa pamoja. Alikwenda kuzungumza na kampuni ya reli, wakakubaliana nauli ya kundi. Julai 5, 1841 watu wapatao 500 walipanda treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kwenda na kurudi, kwa shilingi moja kila mtu.

Hesabu yake ni rahisi, na kila mchuuzi anayenunua kwa jumla anaijua. Abiria mmoja hana nguvu ya kuomba apunguziwe nauli, lakini anayeleta watu 500 siku moja ana la kusema. Miaka ya mwanzo Cook aliwabeba pia watoto wa shule za Jumapili kwa maelfu, akiwatoa Leicester hadi Derby wakati wa mashindano ya farasi ili wakae mbali na pombe na kamari. Kwa hiyo makundi ya wanafunzi yalikuwamo katika kazi yake tangu awali.

Mwaka 1845 aliandaa safari yake ya kwanza ya kutafuta faida, kwenda Liverpool na Wales. Kwanza aliipita njia yote mwenyewe, akazungumza na wenye hoteli, ndipo akachapisha kijitabu cha mwongozo kwa wasafiri. Utaratibu huo wa kutangulia kuikagua njia ndio uliompa jina.

Mwaka uliofuata, 1846, mambo yalikwenda mrama. Alipeleka watu wapatao 350 Scotland, wakati hapakuwa na reli ya moja kwa moja. Ilibidi wapande treni hadi Fleetwood, kisha meli ya mvuke, kisha treni tena hadi Glasgow. Chai iliyoahidiwa kituoni haikuwapo. Ndani ya meli vyumba havikuwatosha wote, na dhoruba ikawakuta baharini. Glasgow iliwapokea kwa bendi na mizinga, lakini malalamiko yalikuwa yameshatanda. Mwaka huohuo Cook alifilisika.

Wengi wangeishia hapo. Yeye alirudi kwenye kazi, na mwaka 1851 aliwapeleka watu wapatao 150,000 London kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kawaida.

Mpaka wa nje ulimpa taabu zaidi. Mwaka 1855 alitaka kupeleka watu maonyesho ya Paris, lakini kampuni zilizoshika njia fupi ya kuvuka bahari kwenda Ufaransa zilikataa kumpa bei ya kundi. Akazunguka. Alivusha wateja wake kutoka Harwich hadi Antwerp, akawapitisha Brussels, Cologne, Heidelberg na Strasbourg, ndipo wakafika Paris. Kukataliwa njia ya mkato kukawapa wasafiri miji ya kale mingi kuliko waliyotarajia. Cook alipata hasara, lakini bei aliyokuwa ametangaza hakuibadilisha. Alichokipata ni ujuzi wa njia, na miaka michache baadaye akaanzisha safari za Uswisi mwaka 1863 na za Italia mwaka 1864.

Kuna waliokasirika kuona watu wa kipato cha kawaida wakiingia Florence na Roma. Mwaka 1865 mwandishi Charles Lever, aliyekuwa makamu wa balozi mdogo wa Uingereza nchini Italia, aliandika kwa jina la bandia akidai kwamba makundi hayo ni wafungwa ambao Australia imewakataa, na kwamba wanamwagwa kidogokidogo katika miji ya Italia. Cook alijibu kwa maandishi, akitetea haki ya kila mtu ya kuona uzuri wa dunia. Mfanyabiashara mdogo aliyewahi kutazamwa mpakani kama mhalifu kwa sababu tu ya mzigo wake ataielewa hasira ya Cook.

Palibaki tatizo la fedha. Kila nchi ilikuwa na sarafu yake, na msafiri aliyebeba dhahabu mfukoni alikuwa windo la wezi na la wabadilishaji wasio waaminifu. Mwaka 1868 Cook alianza kutumia kuponi za hoteli. Msafiri alilipa kabla ya kuondoka, akamkabidhi mwenye hoteli kuponi, na mwenye hoteli akalipwa na ofisi ya Cook. Mwaka 1874 zikaja hati ambazo msafiri aliweza kuzibadilisha kuwa fedha za nchi aliyofikia, mtangulizi wa hundi za wasafiri. Mfumo wote ulisimama juu ya jambo moja: mwenye hoteli wa Geneva aliamini kwamba karatasi ya London italipwa.

Kwa njia hiyo makundi yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 1869 Cook aliwafikisha watu Misri kwa meli za mto Nile, kisha Palestina hadi Jerusalem, wakilala kwenye mahema. Kuanzia Septemba 1872 aliongoza kundi dogo kuizunguka dunia, kupitia Marekani, Japani, China, India na Misri. Safari hiyo ilichukua siku 222. Mwaka 1873 kampuni yake ilileta Ulaya kundi kubwa la walimu wa Marekani kwa ziara ya masomo.

Nyumbani hapakuwa na amani. Mwanawe, John Mason Cook, alikuwa hodari wa hesabu na alitaka faida. Baba aliiona kazi kama sehemu ya utume wake, akapenda kuwasaidia wamisionari kwa gharama za ofisi. Mwishoni mwa miaka ya 1870 baba aliondoka kazini, na kampuni ikabaki mikononi mwa mwana. Mwaka 1880 binti yake Annie alifariki, mwaka 1884 akafuata mkewe Marianne. Uzeeni Cook alipoteza uwezo wa kuona. Alifariki Leicester Julai 18, 1892, akiwa na miaka 83.

Jina lake liliendelea kuuza safari katika mikono ya wamiliki wengine hadi Septemba 23, 2019, kampuni ilipoanguka kwa madeni. Wateja wapatao 600,000 walikuwa safarini, wakiwamo Waingereza takriban 150,000, na serikali ya Uingereza ikalazimika kukodi ndege kuwarudisha watu wake. Ndege na hoteli zilikuwapo siku hiyo kama jana yake. Kilichokosekana ni mtu wa kulipa.

Katika ukanda wetu mipaka imelegezwa kwa kiasi fulani. Tangu mwaka 2014, kwa mfano, mgeni anaweza kutembelea Kenya, Uganda na Rwanda kwa viza moja ya utalii. Lakini viza haimlazi mwanafunzi wala haimrudishi kwao basi likikwama. Mzazi anayeombwa mchango wa ziara ya Zanzibar, Kilwa au Lamu ana haki ya kumuuliza mwandaaji maswali ambayo Cook alijifunza kuyajibu baada ya kufilisika. Je, njia hiyo ameshaipita mwenyewe? Bei yote imeandikwa, pamoja na chakula na malazi? Fedha zimewekwa wapi kabla ya siku ya safari? Na kundi likikwama ng'ambo ya mpaka, nani atalipa lirudi? Asiyeweza kujibu la mwisho asipewe fedha.