John Bowlby na Wezi Arobaini na Wanne

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. John Bowlby, tabibu wa maradhi ya akili aliyezaliwa London mwaka 1907, aliutafutia usemi kama huo ushahidi. Mwaka 1944 alichapisha uchunguzi kuhusu watoto wezi 44. Kati yao, 14 hawakuonyesha upendo wala majuto. 12 miongoni mwa hao walikuwa wametenganishwa na mama au walezi wao kwa muda mrefu wangali wachanga. Ubora wa nadharia yake ni kuutafuta uhalifu katika jeraha la utotoni. Hata hivyo, yeye mwenyewe ndiye aliyewahoji na kuwaainisha, akitegemea kumbukumbu za wazazi. Na lawama zikamwelemea mama. Alifariki mwaka 1990, akiwa ameyafanya malezi kuwa suala la sayansi.