Kabla ya Bluetooth, kulikuwa na Hedy Lamarr

Hebu jione uko Kalobeyei jioni, jua la Turkana limeanza kupoa. Laptopu iko mezani ndani ya nyumba, wewe umekaa mlangoni na kishikwambi chako. Unagusa kioo, ngoma inaingia. Unatelezesha kidole, besi inashuka. Hakuna waya, ni Bluetooth tu. Jirani naye ana spika yake ya Bluetooth, na bado biti yako haikwami. Mbona mawimbi hayavurugani?

Ni kwa sababu Bluetooth haikai kwenye masafa mamoja. Inaruka huku na kule mara nyingi kila sekunde, na vifaa vyako viwili vinaruka pamoja. Sasa sikiza: mmoja wa waliowahi kufikiria ujanja huo alikuwa staa wa filamu.

Hedwig Kiesler alizaliwa Vienna, Austria, Novemba 9, 1914, katika familia ya asili ya Kiyahudi. Mamake alikuwa mpiga piano. Mwaka 1933 aliolewa na Fritz Mandl, tajiri wa viwanda vya silaha, mume mwenye wivu aliyemchunga kama mfungwa. Wageni walipozungumzia silaha mezani, yeye alionekana kama pambo tu. Kumbe masikio yako wazi. Mwaka 1937 akatoroka. Mwaka uliofuata Hitler akaimeza Austria. Ukiwa Kakuma au Kalobeyei, huhitaji kuelezwa maana ya kuondoka bila kujua kama utarudi.

Hollywood ikampa jina jipya, Hedy Lamarr, na filamu ya Algiers ya 1938 ikamfanya staa. Mchana kamera, usiku michoro ya uvumbuzi. Vita vilipochacha na meli zikawa zinazamishwa baharini, aliwaza: kombora la majini likiongozwa kwa redio, adui atatafuta masafa yake na kuyavuruga. Je, masafa yakibadilika kila mara?

Mwaka 1940 alikutana na George Antheil, mtunzi aliyewahi kuandika muziki wa piano nyingi zinazojipiga zenyewe kwa karatasi zenye matundu. Wakapata dawa: karatasi moja melini, nyingine ndani ya kombora, zikizunguka kwa mwendo mmoja na kubadilisha masafa pamoja. Mfumo huo ungeweza kutumia masafa 88, sawa na vibonye vya piano. Ndiyo, wazo lilitoka kwenye muziki!

Agosti 11, 1942 walipewa hataza, yaani hati ya serikali inayomtambua mvumbuzi. Ilikuwa na jina lake la ndoa, Hedy Kiesler Markey, kwa hivyo wengi hawakujua ni yule staa. Jeshi la majini halikuutumia mtambo huo vitani. Hedy akaishia kutumia umaarufu wake kuuza dhamana za serikali za kugharamia vita. Mwaka 1959 hataza ikaisha muda, na mwaka huo huo Antheil akafariki. Wahandisi wengine waliendeleza mbinu ya kurukaruka masafa kwa vifaa vya elektroniki. Hedy hakuunda Bluetooth, lakini ujanja ni ule ule. Pesa? Hadi hataza inaisha muda, hakupata hata senti.

Alichobaki nacho ni ile karatasi. Kupitia kwayo watu walimtambua, na mwaka 1997, akiwa na miaka 82, yeye na marehemu Antheil wakatunukiwa tuzo. Alifariki Januari 19, 2000.

Kwa hivyo msee, kabla hujamrushia mtu biti yako kwa WhatsApp, andika nani alifanya nini, weka tarehe, mkubaliane mgao. Ukiweza, isajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Karatasi huenda isikupe utajiri. Lakini siku watu watakapouliza nani alianza, itakuwa na jina lako.