Umar bin Abdulaziz: Khalifa Aliyeanza na Nyumba Yake

Ndugu msomaji, Umar bin Khattab (R.A) wamjua. Je, kitukuu chake, Umar bin Abdulaziz, wamjua?

Usidhani alizaliwa maskini wa Mungu. La! Alikuwa kijana wa Bani Umayya, ukoo wa watawala, nguo za bei na mafuta mazuri. Lakini alipofanywa gavana wa Madina mwaka 87 Hijria (706 Miladia), aliwaita wanazuoni kumi wa mji wawe washauri wake.

Mwaka 99 Hijria (717) Khalifa Suleiman, binamu yake, alifariki huko Dabiq, Shamu. Watu walikuwa wamekula kiapo cha kumtii mtu ambaye jina lake limo ndani ya wosia uliofungwa. Kufunguliwa, ni Umar! Hakufurahi hata kidogo.

Sasa tazama dini ilivyoingia serikalini. Hakuanza na raia, alianza kwake. Mashamba aliyoyarithi, na kuona hayakupatikana kwa haki, akayarudisha. Mkewe Fatima, binti wa khalifa na dada wa makhalifa, akatoa vito vyake vikatiwa baitul-mal. Kisha zamu ya jamaa zake. Hebu fikiria walivyonuna! Akakomesha pia desturi mbaya ya kumlaani Sayyidna Ali (R.A) juu ya mimbari.

Kazi ngumu ilikuwa kodi. Huko Khurasan watu walisilimu lakini bado wakitozwa jizya, kodi ya wasiokuwa Waislamu. Umar akaamuru ikome. Watu wakasilimu kwa wingi, na wakubwa wa huko wakaingiwa na wasiwasi: hazina je? Wakataka wapya wakaguliwe kama wametahiriwa. Umar akakataa katakata, akawakumbusha kuwa Mtume (S.A.W) alitumwa kulingania, si kutahiri. Gavana naye akaondolewa. Yaani pesa zipungue, lakini Mwislamu asidhulumiwe.

Hakukaa sana. Alifariki Rajab mwaka 101 (720), umri kama miaka 40, na wengi husema alitiliwa sumu. Aliyemfuata ni Yazid, ndugu yake Fatima, na mengi aliyoyajenga Umar yakabomolewa. Hakukuwa na cha kumzuia khalifa mpya isipokuwa dhamiri yake.

Yasimuliwa kuwa Yazid alitaka kumrudishia dada yake vile vito. Fatima akakataa. Alimtii mumewe akiwa hai, hakuwa tayari kumuasi akiwa kaburini.