Arkidiakoni Owen wa Kavirondo, Mtetezi wa Watoto wa Kazi



Mwezi huu twataka kuwasimulia maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu aliyefanya kazi katika nchi jirani ya Kenya, akafa huko mwaka 1945. Jina lake Walter Edwin Owen. Yeye hakuwa Mlutheri, bali alikuwa wa Kanisa la Anglikana. Wala mitaa yetu ya Temeke na Kinondoni hakuitumikia. Lakini neno alilolishindania kwa miaka mingi ni neno lililo mlangoni petu leo, yaani watoto wanaofanyishwa kazi, na wajibu wa wenye mashamba, wenye machimbo na wenye maduka kwa watoto hao. Kwa hiyo tumeona yafaa habari zake zisomwe katika sharika zetu, hasa na waalimu na wazee wa Kanisa, na zaidi sana na Wakristo wenye biashara.

Owen alizaliwa Uingereza katika mji wa Birmingham, karibu na mwisho wa miaka ya 1870, akakulia Belfast katika Ireland. Alipokwisha kusomea kazi ya Kanisa alitumwa na chama cha misioni cha CMS kwenda Uganda mwaka 1904. Huko alikaa miaka 14 hivi, akijifunza lugha na desturi za watu. Mwaka 1918 akawekwa kuwa Arkidiakoni wa Kavirondo. Cheo hicho ni cha mchungaji amsaidiaye Askofu kusimamia mitaa mingi. Kwetu Walutheri twaweza kukilinganisha na cheo cha mkuu wa jimbo. Na Kavirondo ndilo jina walilotumia Wazungu wa siku zile kwa nchi ya Wajaluo na Waluhya, kando ya ziwa la Nyanza, upande wa magharibi wa Kenya.

Owen aliifikia nchi hiyo katika siku za taabu. Vita Kuu ilikuwa inakwisha, na vijana wengi waliochukuliwa kuwa wapagazi walikuwa wamekufa njiani kwa maradhi na njaa. Waliorudi walikuta kodi imepanda, na kila mwanamume mwenye umri wa miaka 16 na zaidi akaanza kufungwa kipande shingoni, ili ajulikane amefanya kazi wapi na kwa nani. Wenye mashamba ya kahawa na katani walilia kwamba vibarua hawatoshi. Basi mwezi wa Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey ikatoa waraka, ikiwaagiza maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Wala waraka huo haukuwataja wanaume peke yao. Mahali mashamba yalipokuwa karibu na makao ya watu, wanawake na watoto nao walitakiwa kuhimizwa wakafanye kazi waliyoiweza. Na msomaji aliyepata kuishi chini ya chifu mkali anajua kuhimizwa huko maana yake nini.

Hapa yatupasa kusema kweli juu ya Kanisa pia. Wakuu kadhaa wa misioni waliandika kulalamika juu ya waraka ule, lakini hawakuikataa kabisa kazi ya kulazimishwa. Waliomba iwekewe mipaka ya sheria. Aliyeikataa bila kusitasita alikuwa Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kuipinga. Mwaka uliofuata waziri wa makoloni huko London, Winston Churchill, aliagiza maofisa wa serikali wasitumiwe tena kuwatafutia wenye mashamba vibarua. Hivyo ilionekana kwamba neno la mtumishi mmoja, likisemwa wazi, laweza kusaidia kuwasogeza wakubwa.

Owen naye hakunyamaza. Katika mitaa yake aliona wanawake na watoto wakitolewa nyumbani kwenda kutengeneza barabara bila ujira, na jambo hilo likiitwa kazi ya jamii. Akaandika kwa serikali. Asiposikilizwa akaandika katika magazeti ya Uingereza, hasa gazeti la Manchester Guardian, ili wapiga kura wa Uingereza wajue mambo yanayotendwa kwa jina lao. Tena mwisho wa mwaka 1921 vijana waliosoma, akina Jonathan Okwiri na wenzake, walikuwa wameunda chama cha kudai haki kilichoitwa Piny Owacho. Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, naye Owen akawa rais wake. Wanachama walihimizwa kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kulala vitandani. Wako waliomlaumu, wakisema kwamba aliipunguza nguvu ya chama kwa kukiondoa katika siasa na kukiingiza katika mambo ya usafi. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Owen hakuupinga utawala wa Kiingereza. Alitaka utawale kwa haki.

Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yalifungua mashamba ya chai huko Kericho, na tangu mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega, wageni wakaja mbio kuichimba. Mashamba na machimbo yote yalihitaji mikono. Ndipo watoto walipoonekana kuwa faida. Chai huchumwa kwa vidole vyepesi. Kahawa huchumwa na kulipwa kwa debe. Maua ya pareto hayahitaji nguvu nyingi. Mtoto alilipwa pungufu ya mtu mzima, wala hakuwa na kipande, kwa hiyo ilikuwa vigumu kujua yuko wapi na anatendewaje. Hata neno letu la mtoto Wazungu wa Kenya walilikata, wakaliita toto, likawa jina la kazi: toto wa jikoni, toto wa shambani. Jina la mwana wa mtu likageuzwa kuwa jina la kibarua.

Wala haifai tudhani kwamba watoto wote walikamatwa kwa nguvu. Wengine waliletwa na wazazi wao, kwa maana kodi ilikuwa inadaiwa na ujira wa baba haukutosha. Wengine walitoroka wenyewe, wakapanda magari ya waajiri kwenda Kericho bila wazazi kujua, wakitamani shilingi na nguo mpya. Mama aliamka asubuhi akakuta kitanda kitupu. Mwenye shamba alipoulizwa, alikuwa na jibu jepesi: mtoto alikuja mwenyewe. Lakini ni nani aliyemwandika kazi, na ni nani aliyeuza chai aliyoichuma? Hapo ndipo penye kiini cha habari hii.

Mwaka 1938 Kenya ikapata sheria mpya ya watumishi, ambayo iliruhusu mtoto wa miaka 10 kuajiriwa. Owen alikuwa karibu kutimiza miaka 60, umri ambao wengi hutaka kupumzika. Yeye akashika kalamu tena. Akaandika katika Manchester Guardian juu ya watoto waliokuwa wakifanya kazi mbali na wazazi wao, na habari hizo zikafika mpaka katika Bunge la Uingereza, waziri akaulizwa maswali. Serikali ya Kenya ikalazimika kuunda kamati ya kuchunguza kazi za watoto, nayo ikatoa ripoti yake mwaka huohuo wa 1938. Kazi ya watoto haikukoma siku ile. Walakini tangu hapo mwajiri hakuweza tena kusema kwamba jambo hilo halimhusu mtu mwingine ila yeye na mtoto na mfuko wake.

Kwa ajili ya mambo hayo walowezi wengi walimchukia sana. Walilibadili jina la cheo chake kwa dhihaka, wakamwita mkuu wa mashetani badala ya mkuu wa mashemasi. Yeye aliendelea na kazi zake, kuhubiri, kufundisha, na katika saa za faragha kutafuta mawe na mifupa ya kale katika nchi ile, maana alipenda sana elimu hiyo. Alikufa mwaka 1945, asione mwisho wa kazi aliyoianza.

Tumejifunza nini? Siku za Owen zilipokuwa zinaendelea, dunia nayo ilikuwa inaamka. Mwaka 1919 bibi mmoja Mwingereza, Eglantyne Jebb, pamoja na dada yake walianzisha chama cha kuwaokoa watoto, Save the Children. Bibi huyo akaandika tamko fupi juu ya haki za mtoto, ambalo Shirika la Mataifa lilikubali huko Geneva mwaka 1924. Na mwaka 1931 ukafanyika mkutano katika mji huohuo juu ya watoto wa Afrika. Mwaka 2012 chama hicho, pamoja na UNICEF na shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikialo makampuni, walitoa kanuni 10 kwa wenye biashara duniani kote. La kwanza, mwenye biashara aziheshimu haki za mtoto. La pili, asaidie kuiondoa kazi ya watoto. Na la tatu ni zuri sana, yaani awape kazi yenye heshima vijana waliofikia umri, na wazazi pia. Kwa maana ujira wa baba na mama ukitosha, mtoto hatatumwa sokoni.

Nchi yetu nayo ina sheria. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Na mwenye miaka 14 hapewi ila kazi nyepesi, isiyomdhuru afya wala kumzuia shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yahesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, nayo yamkinga na kazi za hatari na za usiku.

Sasa ye yote apitaye Tandika, Mbagala au Tandale jioni ajipime mwenyewe. Mtoto mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha kichwani, saa tatu ya usiku, mali ile ni ya nani? Kijana mdogo aoshaye masahani nyuma ya banda la chipsi, darasa lake liko wapi? Binti aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, naye hulea watoto wa mwenziwe tangu alfajiri, mshahara wake hupokewa na nani? Kunduchi, katika machimbo ya mawe, watoto wamepata kuonekana wakivunja kokoto. Nasi tumejenga kwa kokoto, pengine hata kuta za makanisa yetu. Mwandishi wa habari hizi naye amenunua karanga usiku kwa mtoto bila kumwuliza jina. Halipo shamba la Kericho hapa, wala mlowezi. Waajiri ni sisi wenyewe, nasi twajibu lilelile jibu, kwamba mtoto aliletwa na mzazi wake.

Basi kila mzee wa Kanisa na alitazame soko lililo karibu naye. Asiende kuwafukuza watoto, kwa maana atawapeleka tu kwenye njaa. Na amwendee mwenye mali, kwa adabu, kama ndugu kwa ndugu, amwulize umri wa mtoto, saa za kazi, na shule. Mkristo mwenye duka, gereji au mgahawa na awe wa kwanza kumwandika mama wa mtoto badala ya mtoto, na kumlipa ujira wa kutosha. Mtume Yakobo amewaonya matajiri juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa, kwamba kilio chake humfikia Bwana. Ikiwa kilio cha mtu mzima husikiwa hivyo, cha mtoto je?

Bwana atupe macho ya kuwaona watoto hawa, na ujasiri wa kuwaendea wenye mali, hata ikiwa wenye mali hao ni sisi.