Pikipiki iliyomgomea Che Guevara

Kama umewahi kupita barabara ya kando ya ziwa kutoka Rumonge kwenda Nyanza-Lac siku ambayo hakuna ukungu, bila shaka umeiona milima ya Fizi ng'ambo, upande wa Kongo. Katika milima ile, mwaka 1965, alikaa karibu miezi saba mtu ambaye picha yake vijana wetu wanaivaa kwenye fulana: Ernesto Guevara, maarufu kwa jina la Che. Wengi wanamjua kwa bunduki na kofia yenye nyota. Leo nataka kumsimulia kwa habari ya pikipiki mbovu, kwa kuwa nami ninayo moja.

Nilimsikia kwanza nikiwa mwanafunzi katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania. Mwalimu wetu wa historia alianzia Cuba na kumalizia Bolivia. Habari za pikipiki nilizisoma baadaye, nikiwa nimesharudi Burundi na kushika chaki mimi mwenyewe.

Ernesto alizaliwa Rosario, Argentina, tarehe 14 Juni 1928. Tangu akiwa na miaka miwili alisumbuliwa na pumu, ugonjwa ambao haukumwacha hadi kufa. Hata hivyo hakuwa mtu wa kukaa kitako. Mwaka 1950 alifunga injini ndogo kwenye baiskeli, akaizunguka kaskazini ya Argentina peke yake. Alipofika miaka 23, akiwa bado anasomea udaktari, alikubaliana na rafiki yake Alberto Granado, mtaalamu wa biokemia aliyekuwa amefanya kazi na wagonjwa wa ukoma, waitembelee Amerika ya Kusini kwa pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Granado: Norton ya Uingereza, injini ya sisi 500, iliyotengenezwa mwaka 1939. Waliiita La Poderosa, yaani Yenye Nguvu. Jina lilikuwa kubwa kuliko afya yake. Waliondoka Buenos Aires mwanzoni mwa Januari 1952, wawili juu ya chombo kimoja, na mizigo imefungwa nyuma mpaka gurudumu la mbele likawa jepesi na usukani hauna utulivu. Kwenye mchanga na kokoto walianguka mara nyingi. Pancha hazikuhesabika. Kipande kikilegea au kukatika, dawa ya Granado ilikuwa waya. Fremu ilipovunjika, walimtafuta mtu wa kuchomelea.

Walivuka milima ya Andes wakaingia Chile. Katika mji wa Temuco gazeti la hapo liliwaandika kama mabingwa wa ukoma, sifa ambayo kwa Ernesto ilikuwa bado haijaiva. Muda mfupi baadaye pikipiki iliyumba, ikaanguka, na giaboksi ikapasuka. Ikabidi walale Lautaro, mafundi wakihangaika nayo na wenyeji wakiwalisha. Haikupita muda, breki zikawakatalia kwenye mteremko, mbele kuna kundi la ng'ombe. Waligonga, wakaparamia ukingo wa barabara, wakatoka wazima. Katika mji wa Los Ángeles walipewa malazi na wazima moto wa kujitolea, nao usiku wakatoka pamoja nao kwenda kuzima moto. Safari ya mwisho ya La Poderosa ilikuwa juu ya lori. Ilipofika Santiago, waliiacha huko.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, safari ilipoanza. Asiye na chombo hana haraka, na lazima aombe. Katika Valparaíso, Ernesto aliitwa kumwona bibi kizee mtumishi, mwenye pumu kama yake na moyo uliochoka. Hakuwa na la maana la kumpa, akaelewa kuwa umaskini hautibiwi kwa vidonge peke yake. Karibu na mgodi wa shaba wa Chuquicamata walikutana na mume na mke, mkomunisti aliyetoka gerezani na sasa anatafuta kazi, wanatetemeka kwa baridi ya jangwani bila hata blanketi. Wakawapa lao moja. Kama Norton ingekuwa nzima, huenda wangewapita na kuwaachia vumbi.

Yaliyofuata yanajulikana. Alimaliza udaktari mwaka 1953, akakutana na Fidel Castro Mexico mwaka 1955, na Januari 1959 wakaitwaa Cuba. Akawa mkuu wa ngome ya La Cabaña, ambako watu wa utawala uliopinduliwa walihukumiwa na kupigwa risasi. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, na mwalimu hana haki ya kulificha.

Aprili 1965 alivuka ziwa letu kutoka Kigoma, akaitwa Tatu kwa Kiswahili. Alikuja na Wacuba zaidi ya 100, silaha na mipango. Walipigana pamoja na Wakongo na Wanyarwanda, wakashindwa, na Novemba akavuka kurudi Kigoma. Mwenyewe aliandika kuwa ni habari ya kushindwa. Bolivia ikawa vile vile: wakulima hawakujiunga naye. Alikamatwa, akauawa La Higuera tarehe 9 Oktoba 1967, akiwa na miaka 39.

Mimi naona hivi. Chile alifika akiwa mwenye shida, na watu walimfungulia milango. Fizi na Bolivia alifika akiwa mkombozi mwenye bunduki, na watu wakabaki kumtazama.

Nasema hivi kwa kuwa nami nilirudi kwa kiburi. Mwaka 2009 nilifika Rumonge na faili la kesi mkononi, Kirundi changu cha kubabaika, nikidai shamba aliloliacha baba mwaka 1972. Mzee aliyekuwa analilima sikumsalimia miezi minane. Jioni moja ya mvua cheni ya pikipiki yangu kuukuu ilikatika. Aliyetoka na taa, koleo na kipande cha waya alikuwa yeye. Tuliifunga kimya kimya. Alipomaliza aliuliza kama baba bado yuko hai. Nikamjibu kuwa alifia Mishamo. Akavua kofia.

Kesi hatukuiendeleza. Tuligawana shamba, mpaka ukapita kwenye mchikichi alioupanda baba. Waya ule bado ninao, kwenye mfuko wa vifaa chini ya kiti.