Mahjub bin Adam: Askari Aliyefuata Ujira Wake Berlin



Ndugu msomaji, sisi wa Singida tunakijua Kilimatinde, wilayani Manyoni, mahali ambapo Wajerumani waliweka kituo cha askari. Askari wao wa mwanzo wengi walikuwa Waislamu kutoka Sudan. Baba yake Mahjub bin Adam Mohamed alikuwa askari wa namna hiyo. Mahjub alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, na huko Ulaya akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Vita vya 1914 vilipozuka, alikuwa na umri wa miaka kumi tu, umri wa kukaa chuoni na ubao wake. Badala yake aliingia jeshini pamoja na baba yake. Mwezi wa Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, huko kusini, kisha akawa mateka wa Waingereza. Baada ya vita nchi yake ikatawaliwa na Waingereza hao, na Ujerumani ikawa nchi ya adui wa jana.

Mahjub alifanya kazi katika meli, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa marehemu baba yake. Akajibiwa kuwa amechelewa. Dini yetu inaamuru mwenye kufanya kazi apewe haki yake upesi. Huyu alikuwa amemwaga damu, akarudishwa mikono mitupu.

Wakati huo Wajerumani wengi walikuwa na chuki dhidi ya askari weusi, kwa sababu Ufaransa ilikuwa imewaleta askari wa Kiafrika kulinda eneo la mto Rhine, na magazeti yakawachafua bila ya huruma. Katika mji huo huo Mahjub akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na akapendana na Maria Schwandner. Walifunga ndoa tarehe 27 Januari 1933. Siku tatu baadaye Hitler akashika madaraka. Mwaka 1935 ndoa kama hiyo ilipigwa marufuku, lakini yao ilikwisha kufungwa.

Mahjub hakuwa malaika. Mwaka huo wa 1933 alizaliwa pia mtoto wake wa nje ya ndoa, Bodo, na dini haimpi udhuru kwa hilo. Maria alimpokea mtoto yule akamlea. Mimi naona hapo ndipo ulipo ukubwa wa mwanamke huyu: alikwisha kubeba dharau ya majirani kwa ajili ya mumewe, akabeba na kosa la mumewe.

Mahjub alicheza katika filamu nyingi, ya mwisho ikiwa ile ya kumtukuza Carl Peters, mwaka 1941. Mwaka huo huo alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani. Kwetu kosa hilo ni kuvunja amana ya mke; kwa Manazi kosa lilikuwa rangi yake. Bila ya hukumu ya mahakama alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwenyezi Mungu amsamehe na amrehemu.

Mwaka 2007 jiwe dogo lenye jina lake liliwekwa mtaa wa Brunnenstrasse, Berlin, mbele ya nyumba alimoishi.